Usiseme "Na Wao Waonje"



Kuna maneno nimeyasikia mara nyingi mno tangu Juni 2024. Nimeyasikia maskani, nimeyasoma kwenye magrupu ya WhatsApp, nimeyasikia hata nje ya msikiti watu wakivaa viatu. Picha ya kijana wa bara aliyetekwa inapita kwenye simu, kisha mmoja wetu anasema: "Wacha na wao waonje. Sisi tulipochukuliwa, wao walikuwa wapi?"

Leo nataka kuzungumza na wewe unayesema hivyo. Sikuji kukugombeza. Najua maneno hayo yametoka wapi. Lakini maneno hayo yanamfaa yule aliyemchukua ndugu yako. Ndugu yako hayamfai hata kidogo.

Tuanze na uchungu wako, kwa sababu ni uchungu wa haki.

Tarehe 27 Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo alimiminiwa risasi mchana, hapa Mombasa, akiwa garini na familia yake. Iwe ulikubaliana na mafundisho yake au hukukubaliana nayo, mtu ana kesi, anapelekwa mahakamani. Hamalizwi barabarani mbele ya mkewe. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yale. Mwaka huo huo ndipo ilipopitishwa Sheria ya Kuzuia Ugaidi.

Tarehe 2 Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa, Majengo, wakakamata watu zaidi ya mia. Kijana mmoja alipigwa picha akiwa mikononi mwa polisi. Picha ilichapishwa, nchi nzima ikaiona. Yeye mwenyewe hakuonekana tena. Miezi miwili baadaye ikaja zamu ya Eastleigh: maelfu ya Wasomali, wengine Wakenya wenye vitambulisho vyao mfukoni, walizolewa majumbani na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Kisha Aprili 2015, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, akaunti za mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa zikafungwa kwa tuhuma za ugaidi. Mahakama Kuu ilikuja kusema Novemba mwaka huo kwamba kufungwa kule hakukuwa halali.

Na Wakenya wengi walifanya nini? Walinyamaza. Wengine walipiga makofi. Walisema lisemwalo lipo, hawa hawachukuliwi bure. Wachache walisimama na sisi, wakiwemo mawakili na wanaharakati wasio Waislamu, na hao tusiwasahau. Lakini wengi walikaa kimya. Hilo ni kweli na sitakuomba ulisahau.

Sasa tazama kilichofuata.

Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Nairobi, Mombasa, Kisumu, Eldoret, kila mji. Tarehe 25 Juni waliingia Bunge, na risasi zikalia. Kufikia tarehe 1 Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Rais akakataa kutia sahihi mswada, watu wakadhani yameisha. Lakini watu wakaendelea kuchukuliwa mmoja mmoja.

Na walichukuliwa vipi? Gari lisilo na nambari za kueleweka. Wanaume wasio na sare, nyuso zimefunikwa. Simu inazimwa. Familia inakwenda kituo hiki, inaambiwa "hayuko hapa." Inakwenda kingine, hayuko. Ya tatu ni hospitali. Ya nne ni mochari. Niambie, mtindo huu hukuutambua? Mama zetu wa Majengo, Kisauni na Lamu waliutambua siku ya kwanza. Njia hiyo ya kituo mpaka mochari wameitembea miaka mingi. Desemba 2024 Tume hiyo hiyo ilisema waliotekwa tangu Juni wamefika 82, na 29 kati yao bado hawajulikani walipo.

Mwaka uliofuata ikawa ni zaidi. Juni 2025 mwalimu kijana aliyeandika mtandaoni kuhusu mkubwa mmoja wa polisi alikamatwa, akafa akiwa seli Nairobi. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujipa mwenyewe. Tarehe 7 Julai, Saba Saba, Tume ilihesabu vifo 31 kwa siku moja, na baadaye hesabu ikapanda. Waziri wa Usalama alikuwa ameshayaita maandamano ya Juni 25 ugaidi. Na hawakuishia kwenye maneno. Julai hiyo hiyo vijana waliokamatwa kwenye maandamano walifikishwa mahakama ya Kahawa, ile inayosikiza kesi za ugaidi, wakashtakiwa kwa Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012.

Soma hapo tena. Sheria ya 2012, ile tuliyoambiwa ni ya magaidi tu, raia mwema asiwe na wasiwasi. Leo anasomewa kijana wa Kiambu au Machakos ambaye hajawahi kuingia msikitini maishani mwake.

Kwa hivyo unaposema "na wao waonje," jua unachokisema. Sisi tulionjeshwa kwanza kwa sababu ilikuwa rahisi: wachache, wenye majina ya kushukiwa, nchi haitatutetea. Jaribio lilifaulu. Ukimya wa 2014 ndio uliomfundisha mtekaji kwamba hii kazi haina gharama. Na sasa unataka na sisi tumfundishe hivyo hivyo? Ukimwambia mtekaji "endelea, huyo si wetu," umemruhusu pia kurudi kwa walio wetu. Atarudi, ndugu yangu. Hajawahi kuondoka.

Mei 2025 Rais alisema mbele ya waandishi wa habari kwamba waliokuwa wametekwa wote wamerudishwa kwa familia zao. Wote. Kina mama wetu walilisikia neno hilo. Kuna mama bado ana nguo za mwanawe kabatini tangu 2014. Huyo yumo kwenye "wote"? Na kama serikali inajua kwamba wote wamerudishwa, basi inajua walikuwa wapi na nani aliwarudisha. Majina ya hao warudishaji yako wapi?

Tulishaahidiwa kabla ya hapo. Oktoba 2022 kikosi maalum cha polisi kilichoitwa SSU kilivunjwa, tukaambiwa mauaji ya kiholela yamefika mwisho. Wengi wetu tulishangilia. Kikosi kilivunjwa kweli, ila zile gari hazikwenda popote. Ndio maana hatuwezi kutosheka na kikosi kubadilishwa jina. Tunataka mtu, kwa jina lake na cheo chake, asimame kizimbani.

Najua utanijibu mambo matatu.

La kwanza: "Muislamu akijitokeza, yeye ndiye wa kwanza kuitwa gaidi." Ni kweli, na sitakudanganya kwamba hatari ni sawa kwa wote. Kijana mwenye kanzu na kijana mwenye jezi ya Arsenal hawakamatwi sawa. Lakini kukaa ndani hakujawahi kutuokoa. Wangapi walichukuliwa wakitoka kuswali? Wangapi walichukuliwa kitandani? Hao hawakuwa kwenye maandamano yoyote.

La pili: "Maandamano ni fitna, kuna uporaji na kuchoma." Uporaji ni haramu, haihitaji mjadala. Duka la mtu ni amana yake na watoto wake, na anayelivunja amedhulumu, hata kama amejifunga bendera ya Kenya kiunoni. Vilevile tumeona magenge yenye marungu yakiwapiga waandamanaji polisi wakitazama. Usiwe upande wa yeyote kati ya hao. Lakini kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha. Anayeitumia haki hiyo hajaleta fitna. Fitna ni kumpiga risasi.

La tatu, na ndilo zito: "Hao si ndugu zetu."

Rudi kwenye sira. Kabla ya utume, mfanyabiashara kutoka Yemen alidhulumiwa bidhaa zake Makka na mkubwa wa Kikureshi. Hakuwa na ukoo wa kumtetea pale. Watu wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakafunga ahadi ya kusimama na kila anayedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwepo akiwa kijana. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari ni Mtume, alisimulia kwamba hata katika Uislamu angeitwa kwenye ahadi kama ile angeitikia. Waliofunga ahadi ile hawakuwa Waislamu. Aliyetetewa hakuwa jamaa yao. Hiyo ndiyo Hilful Fudhul. Sasa wewe na mimi ni nani tuanze kuuliza dini ya aliyetekwa kabla hatujauliza yuko wapi?

Basi tufanye nini? Hasira peke yake haimrudishi mtu. Lakini yapo mambo yaliyomrudisha mtu.

Agosti 2024 wanaume watatu walitekwa Kitengela. Mawakili walikimbilia Mahakama Kuu kudai waletwe. Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi aliitwa na jaji, hakuja. Akaitwa tena, hakuja. Septemba jaji akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama. Siku chache baadaye wale watatu wakaachiliwa, hai, baada ya zaidi ya mwezi mmoja gizani. Hukumu ile ilikuja kuondolewa na hakulala jela hata usiku mmoja, na hilo linauma. Lakini watu wale walirudi nyumbani. Walirudi kwa sababu kelele hazikukatika na kesi ilifunguliwa mapema.

Kwa hivyo shika haya:

Mtu akichukuliwa, hesabu saa. Kifungu cha 49 kinasema afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, aambiwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, na awasiliane na wakili. Usingoje wiki eti "pengine watamwachilia."

Andika papo hapo: saa, mahali, rangi na nambari za gari, walioona. Kaende kituo uandikishe, na usiondoke bila nambari ya OB. Peleka malalamiko IPOA. Tafuta wakili adai mahakamani mtu aletwe. Kifungu cha 25 kinasema haki hiyo haiwezi kuwekewa mipaka, hata kwa kisingizio cha usalama.

Ukikamatwa wewe, taja jina lako kwa sauti na jina la mtu wako, waliopo wasikie. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa.

Na hili la mwisho ni letu hasa. Kila unapomtaja kijana wa Nairobi aliyepotezwa, mtaje na wa Majengo. Kila orodha ya waliopotea tangu 2024 inaposomwa, sema kwa adabu lakini sema: orodha hii ianzie nyuma zaidi. Vijana wengi wa bara wanatuuliza sasa, "Kumbe nyinyi mlipitia haya?" Wengine wanaomba radhi. Usiwafungie mlango. Miaka yote tulikuwa tunalia peke yetu, na leo kwa mara ya kwanza nchi nzima inajua gari lile linavyosimama.

Imamu wako anaweza kuwaombea dua kwa majina baada ya swala ya Ijumaa. Mwendee, mpe majina. Changanya wetu na wao katika karatasi moja. Mzee akiuliza huyu Kamau ni nani, mwambie ni mtoto wa mtu, ana mama, na mama yake hajalala.

Yule mama mwenye nguo kabatini haombi kijana mwingine achukuliwe ili apate wa kulia naye. Anauliza mwanawe yuko wapi. Tumsaidie kuuliza, sote, kwa sauti moja, mpaka atokee mtu wa kujibu.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.