Sikukuu ya Jamhuri na Mlima Kenya

Mwaka ambao tarehe 12 Desemba huangukia Ijumaa au Jumatatu, watu wa kazi hupata mapumziko ya siku tatu mfululizo, na vijana wengi hufikiri habari ya kupanda Mlima Kenya. Fikira hiyo ina asili yake. Wakati wa Uhuru, Desemba 1963, Bwana Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya juu ya kilele cha Lenana, chenye urefu wa futi 16,355, na kilele hicho hakihitaji kamba kama Batian na Nelion. Basi kila mtu mwenye miguu miwili hujiona anaweza kukifikia, naye Jumanne asubuhi awe mezani pake ofisini.

Miguu huweza, tatizo ni pumzi. Tuseme karani atoka Nairobi Jumamosi alfajiri. Nairobi ni kama futi 5,500 juu ya bahari. Kabla ya jua kutua amekwisha pita lango la Naro Moru na kufika kambi ya Met Station, futi 10,000. Jumapili apanda mpaka kambi ya Mackinder katika bonde la Teleki, futi 13,800 hivi, alale saa chache, kisha saa tisa za usiku aamshwe kwenda Lenana. Madaktari husema kwamba mtu akiisha kupita futi 10,000, mahali pake pa kulala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya futi 1,600 hivi. Karani huyu ameongeza futi 3,800 kwa siku moja.

Ugonjwa wa mlima huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi. Ukizidi, mgonjwa hupepesuka kama mlevi na maneno yake hupotea. Au mapafu hujaa maji, akakohoa na kutweta hata akiwa ameketi. Hapo dawa ya kwanza ni kumteremsha mara moja, ijapokuwa ni usiku na mvua inanyesha. Hauchagui mnyonge. Mara nyingi humshika kijana mwenye nguvu, maana ndiye aendaye mbio, tena ndiye aonaye haya kusema kwamba kichwa kinamwuma.

Kwa siku tatu liko jambo bora zaidi. Hema ipigwe Met Station kwa masiku yote mawili, na siku ya katikati itumiwe kwa matembezi ya kwenda na kurudi. Safari ianze saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa yapata saa nne mawingu huanza kuvifunika vilele, na aliyechelewa kwa kupika chai ya pili huona ukungu tu. Njia hupita msituni, kisha hutoka katika uwanda wa majani wenye tope kubwa ambalo wapandaji wote hulilaani. Mwanzoni mwa kiangazi, mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zinakwisha, tope hilo liko katika ubaya wake wote. Wenyeji huvaa buti za mpira, nao wana akili. Viatu vya michezo vya bei kubwa hulowa katika dakika kumi.

Atakayevumilia mpaka ukingo wa bonde la Teleki ataviona vilele mbele yake, na mimea ya lobelia iliyo mirefu kuliko mtu, ambayo usiku hukunja majani yake kuulinda moyo wa mmea na jalidi. Hapo ndipo pa kula chakula cha mchana na kugeuka. Atakuwa amepanda juu na kurudi kulala chini, jambo ambalo mwili hulipenda.

Usiku wa Met Station ni baridi sana hata mwezi wa Desemba. Mtu achukue mfuko wa kulalia ulio mzito, koti la mvua la kweli, sufuria na jiko la gesi, kwa maana moto wa kuni umekatazwa. Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mlima huo. Mpagazi akiajiriwa, yafaa atazamwe naye kama ana koti na blanketi. Ni aibu kumwona mtu abebaye hema ya mwenziwe akitetemeka nje ya hema hiyo.

Asiende mtu peke yake, wala asitembee msituni jioni, kwani nyati na tembo hupita njia hiyo hiyo. Barabara ya kutoka langoni kwenda Met Station huteleza mno baada ya mvua. Mwenye gari dogo aliache langoni apande kwa miguu, mwendo wa saa tatu hivi, na siku ya kurudi aanze kuteremka mapema, kabla ya mvua ya alasiri.