Nyumba Bila Watu Si Mji

Wako wasemao kwamba Mji Mkongwe wa Unguja umeokoka. Hoja yao ni chokaa mpya, milango ya nakshi iliyosuguliwa, na jina lake katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Mimi nakataa. Mji si kuta. Mji ni watu wanaojuliana hali.

Baraza za mawe zilizojengwa mbele ya nyumba hazikuwa pambo. Zilikuwa mahali pa kahawa, bao, habari na usuluhishi. Na njia ilipojaa maji ya mvua, watu walipita juu yake. Leo nyumba nyingi ni hoteli na maduka ya vinyago, na wenyeji wengi wamehama. Tumehifadhi kaka la yai, na kiini kimetoweka.

Nitajibiwa kwamba fedha za wageni ndizo zitengenezazo kuta. Kweli, lakini mgeni apewe chumba, asipewe mtaa.

Dawa haiko mbali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilikuwa mali ya Serikali, na nyingine ni za wakfu. Zilizobakia mikononi mwao zipangishwe wenyeji kwa kodi wanayoimudu. Orofa ya chini iwe ya mshoni, muuza kahawa na chuo cha Kurani. Baraza isizibwe kwa meza za hoteli. Mchora ramani aulize kwanza nani atakaa, kisha nini kijengwe. Ukuta ukianguka, waashi wapo. Ujirani ukivunjika, hauna mwashi.