Je, Ajali Haina Kinga?

Waswahili husema kuwa ajali haina kinga. Methali hii humliwaza aliyefikwa na jambo asiloweza kuliepuka. La kusikitisha ni kuwa katika maghala ya supamaketi zetu imegeuzwa kichaka cha kujifichia: kibarua akipondwa mguu na foklifti, hutamkwa, na shauri likafungwa. Maoni yangu ni kwamba ajali nyingi za mashine hizi zina kinga, na sehemu ya kinga hiyo ni lugha.

Tuzingatie utendakazi wa foklifti. Aghalabu hupinda kwa magurudumu ya nyuma. Kwa hivyo mkia wake hufyagia upande na kumgonga aliyesimama kando akidhani yu salama. Mzigo mrefu humziba dereva macho, hivyo yampasa aiendeshe kinyumenyume. Akikata kona huku mzigo ukiwa juu, mashine hupinduka kwa wepesi. Hapo hushawishika kuruka, na paa la chuma likamlalia. Katika foklifti ya kukalia, salama yake ni kufunga mkanda, kushika usukani kwa nguvu na kubaki kitini. Neno moja, "Usiruke", laweza kumwokoa.

Neno hilo liko wapi? Mara nyingi limo katika kibandiko cha Kiingereza ubavuni mwa mashine, ilhali wapakuzi huagizana, hutaniana na huonyana kwa Kiswahili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka uo huo, humpa mwajiri siku 7 za kuripoti ajali, na saa 24 mtu anapofariki. Asiyezielewa haki hizi atazidai vipi? Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Maelezo yasiyoeleweka si maelezo.

Naam, istilahi hazitengenezi breki mbovu, wala bango halimtakasi mwajiri aliyemkabidhi mashine dereva asiyefunzwa. Hata hivyo, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni. Twende maghalani, tuyasikilize majina ambayo wapakuzi wamekwisha kuyapa mashine na hatari zake, kisha tuandike maonyo kwa lugha yao. Wahenga walisema pia: tahadhari kabla ya hatari.