Samaki Tunamkunja Akishakauka

Hakuna mwanasiasa Kenya asiyeijua methali ya samaki mkunje angali mbichi. Ataitoa kwenye harambee, ataitoa siku ya zawadi shuleni, na watu watapiga makofi. Sasa fungua bajeti uone pesa zinamfuata samaki yupi.

Mgao wa serikali kuu ni shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Wa shule ya msingi, 1,420. Wa PP1 je? Kamuulize gavana. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya chekechea, na tangu 2013 Nairobi imenawa mikono. Hata mwalimu wa ECDE haajiriwi na TSC kama wenzake. Kwa hivyo mtoto wa miaka minne anapata kile ambacho kaunti yake imeamua kumpa, kikubwa au kidogo.

Ajabu ni kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inahesabu chekechea kuwa elimu ya msingi, na Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema elimu hiyo ni ya bure na ya lazima. Sasa panda matatu ya Kiamunyi kutoka mjini Nakuru uhesabu mabango ya akademi. Kila bango ni bili ambayo serikali imemwachia mzazi. Mwenye mshahara analipa. Mama anayefulia watu nguo kwenye hizo fleti mpya anapiga hesabu ya karo, chakula na kodi ya nyumba, na kinachokatwa kwanza tunakijua. Huyo mtoto ataingia gredi ya kwanza akae dawati moja na mwenzake ambaye tayari anasoma, halafu tumwite mzito.

Mtu atasema, wacha kutulinganisha na Sweden, wale ni matajiri. Sawa, tuwaache na asilimia yao zaidi ya moja ya pato la taifa. Tulinganishe na Ghana, iliyoingiza miaka miwili ya chekechea kwenye elimu ya bure na ya lazima tangu 2007. Tulinganishe na Tanzania, iliyoondoa ada na kutaka kila shule ya msingi iwe na darasa la awali. Hao nao ni matajiri?

Ukitaka kuona njia ya upande wa pili, tazama Uganda, ambako sheria ya 2008 iliwaachia watu binafsi elimu ya awali. Sisi tunaifuata njia hiyo kimyakimya, bila hata kuipitisha bungeni.

Tanzania pia ina somo lake. Milango ilipofunguliwa 2016, watoto walifurika na madarasa yakajaa pomoni. Kutangaza bure ni rahisi, lakini lazima pesa zimfuate mtoto. UNICEF ilipendekeza 2019 kwamba angalau asilimia 10 ya bajeti ya elimu iende chekechea.

Basi tudai kitu kimoja: mgao wa kitaifa kwa kila mtoto wa PP1 na PP2, utumwe kaunti na usiguswe kwa kazi nyingine. Nyinyi mliojaa mtandaoni, mikutano ya umma ya bajeti ya kaunti iko wazi kwenu pia. Nendeni. Na 2027 mgombea akianza ile methali ya samaki, msimpigie makofi. Mwulizeni: shilingi ngapi kwa kila mtoto?