Gesi au Umeme? Tuhesabu Kabla ya Kuchagua

Mwezi wa Mei mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Hapana mtu mwenye akili timamu atakayelipinga jambo hilo. Mkaa umeila misitu yetu. Moshi umeviumiza vifua vya mama zetu, na jiko la mkaa lililofungiwa chumbani usiku limewaua watu usingizini. Katika hayo hatuna ubishi.

Ubishi uliopo sasa ni mwingine. Mwenye kuuza mitungi asema gesi ndiyo ukombozi. Mwenye kuuza majiko ya umeme asema gesi imepitwa na wakati. Mfanyakazi mwenye mshahara mmoja na watoto wanne husimama katikati, mfuko mwepesi, asijue amsikilize nani. Twaona yafaa kumsaidia kupiga hesabu.

Yapasa kwanza tuijue asili ya kila moto. Wengi hudhani kwamba gesi ya mtungini ni ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Sivyo. Gesi yetu ya asili hupita katika mabomba, na tangu mwaka 2004 ile ya Songo Songo imekuwa ikiendesha mitambo ya umeme. Nyumba zilizounganishwa nayo kwa kupikia, huko Mtwara, Lindi na Dar es Salaam, bado ni chache. Gesi ya mtungini ni nyingine, nayo karibu yote huja kwa meli kutoka ng'ambo na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Bei ikipanda huko, sufuria ya Mbagala nayo hupata habari.

Umeme, kwa upande wake, ni zao letu kwa sehemu kubwa. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwezi wa Februari 2024. Taifa lililojenga kazi kubwa namna hiyo kwa fedha yake lina haki ya kuuliza: je, umeme huo utaishia kwenye taa na redio, au utafika chini ya sufuria?

Lakini tusijidanganye kwa maneno matamu. Gesi ina sifa zake. Moto wake huwaka mara moja, hupunguzwa na kuongezwa kwa kidole, nao wafaa sana kwa ugali, ambao wataka moto mkali na mkono wa kusonga. Umeme ukikatika, mwenye mtungi hula. Wananchi hawajausahau mgao wa mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa mwaka 2024, na hatuwezi kumlaumu mama aliyejifunza siku zile kutoutegemea waya peke yake.

Sasa tuhesabu. Mtungi wa kilo 6 una joto la uniti 78 hivi, lakini karibu nusu yake hupotea pembeni mwa sufuria. Jiko la umeme hupoteza kidogo zaidi ya robo tu. Kwa hiyo kazi ya mtungi huo yaweza kufanywa na uniti zipatazo 50 za umeme. Kwa mteja anayelipa sh. 356 kwa uniti pamoja na kodi, hizo ni sh. 17,800. Kila msomaji ajua bei ya kujaza mtungi mtaani kwake. Na ailinganishe mwenyewe.

Kwa chakula cha kuchemka muda mrefu, tofauti ni kubwa zaidi. Maharage au makande, ambayo juu ya mkaa huchukua saa mbili au tatu, katika sufuria ya presha ya umeme huiva kwa nusu uniti hivi, yaani chini ya sh. 200. Sababu ni kwamba sufuria hiyo imefunikwa na kuzungushiwa kizuizi cha joto, nayo hujizima yenyewe sufuria ikishapata moto wa kutosha.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wenye mishahara mikubwa hulisahau. Mkaa haupendwi kwa sababu ni rahisi. Wapendwa kwa sababu huuzwa kwa kopo. Mwenye kipato cha kutwa hana fedha ya kujaza mtungi kwa mara moja, lakini ana ya kopo. Katika hili umeme wa LUKU ni ndugu wa mkaa: waweza kununuliwa kidogo kidogo, kwa kadiri ya mfuko wa siku ile.

Mbona, basi, wafanyakazi hawaukimbilii? Sababu ya kwanza ni nyumba za kupanga. Vyumba sita hutumia mita moja, na siku mpangaji mmoja akichomeka jiko, ugomvi huanza hata kabla maji hayajachemka. Wenye nyumba wengi hukataza kabisa, na nyaya nyingine ni dhaifu kiasi kwamba katazo lao ni la haki. Mita ya kila mpangaji na nyaya zilizo imara zingeleta nishati safi mijini kuliko hotuba kumi.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Viwango vya mwaka 2016 viliweka kundi la watumiaji wadogo wa nyumbani: sh. 100 kwa uniti kabla ya kodi, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Inayozidi hapo ni sh. 350. Nia ilikuwa njema, yaani kumwangazia mnyonge. Lakini tazama yanayompata mnyonge huyo akitaka kupika. Alikuwa akitumia uniti 50 kwa taa na redio. Akiongeza 50 za jikoni zinakuwa 100. Uniti 75 za kwanza ni sh. 7,500, uniti 25 za mwisho ni sh. 8,750. Robo ya mwisho yampita gharama robo tatu za kwanza! Mama aliyetii wito wa kuacha mkaa atozwa adhabu kwa utii wake.

Twashauri, kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno, kwamba ukomo huo utazamwe upya. Uniti 75 ni kipimo cha nyumba yenye taa. Si kipimo cha nyumba inayopika. Haiwezekani kuhimiza kwa mkono mmoja na kuzuia kwa mkono wa pili.

Nanyi ndugu wafanyakazi, msingoje mpaka kila kitu kinyooke. Aliye na mtungi asiuuze. Aubakize kwa ugali na kwa siku za giza, apime mpira wake kwa povu la sabuni, na maharage ayapeleke kwenye umeme, hasa mchana, kabla ya saa za jioni ambapo nchi nzima huwasha taa. Vyama vya akiba na mikopo makazini vyaweza kukopesha sufuria hizo kama vinavyokopesha mabati.

Watasema mshika mawili moja humponyoka. Sisi twajibu kwamba anayeponyokwa ni yule asiyejua ashike lipi kwa kazi gani. Adui yetu ni moshi. Gesi na umeme ni silaha mbili za vita hiyo, na kwa kuwa mojawapo twaitengeneza wenyewe, haifai bei yake imkimbize mtu mnyonge kurudi kwenye kopo la mkaa.