Tafsida Katika Chumba cha Ushauri

Tangu Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi alipoutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, mengi yamefanywa ili huduma zimfikie kijana wa Kenya. Vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari vilienea katika mwongo uliofuata, na mnamo 2017 zikaja dawa za kujikinga pamoja na vifaa vya kujipima. Aghalabu upatikanaji wa huduma hizi hukadiriwa kwa umbali wa zahanati, gharama na idadi ya wahudumu. Kuna kigezo kingine kinachosahaulika, nacho kinawahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili: kijana akishaketi mbele ya mshauri, je, anaelewa anachoambiwa, na ana neno la kuulizia anachokitaka?

Chukua dawa zenyewe. Zipo zinazomezwa kabla ya mtu kukumbana na hatari, yaani PrEP. Na zipo zinazoanzwa baada ya tukio, mathalani ubakaji au kupasuka kwa kondomu, yaani PEP. Hizi za pili sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ndivyo bora, kisha zimezwe kwa siku 28. Vifupisho hivyo vinatofautiana kwa sauti moja tu. Kwa Kiswahili hali ni mbaya zaidi, kwani zote huitwa "dawa za kuzuia maambukizi". Msichana aliyebakwa Ijumaa usiku ana hadi Jumatatu usiku. Ikiwa alichowahi kusikia ni kwamba dawa hizo humezwa kabla, atadhani amekwisha kuchelewa na hatakwenda popote. Huenda akanunua vidonge vya P2 dukani, kwa kuwa mimba ndiyo inayoogopwa zaidi, navyo havizuii virusi hata kidogo. Hapo zahanati haikuwa mbali. Istilahi ndiyo iliyomkwamisha.

Au chukua kauli kwamba virusi "havionekani". Mtu anayetumia dawa ipasavyo hadi vipimo vikashindwa kugundua virusi katika damu yake hawezi kumwambukiza mwenziwe kwa njia ya ngono. Hii ni habari njema kupita kiasi kwa kijana anayewazia ndoa na watoto. Lakini katika Kiswahili cha kila siku kisichoonekana ni kama kisichokuwepo. Anayeelewa hivyo huweza kuziacha dawa, na virusi vikarejea.

Tafsida nayo ina lawama zake. Mshauri anayeona haya huuliza, "Una mpenzi?" Kijana aliyelala na mtu asiyempenda, au aliyelazimishwa, hujibu "La", na jibu lake ni la kweli. Jambo hili lina uzito hata kisheria. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2006 humtaka mtoto awe na idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi ndipo apimwe, isipokuwa awe mjamzito, ameoa au kuolewa, ni mzazi, au ana mwenendo unaomweka katika hatari ya kuambukizwa. Mwenendo huo atauelezaje, iwapo kila neno analolijua ama ni tusi ama ni fumbo?

Wapo watakaodai kwamba kuyataja mambo haya waziwazi ni kuukiuka utamaduni. Hoja hiyo haina mashiko. Katika unyago wa pwani, kungwi hakumung'unya maneno mbele ya mwari. Kilichodhibitiwa kilikuwa mahali, wakati na msemaji. Chumba cha ushauri, mlango ukiwa umefungwa na siri ikiwa imeahidiwa, ni mahali pa aina hiyo hiyo. Sheng nayo haipaswi kubezwa. Kampeni ya "Nimechill" ya 2004 iliwapa vijana neno la kusema hawajaanza, na wanaisimu wakapata mfano mzuri wa mofimu za Kiswahili kwenye shina la kigeni. Ila neno hilo halikumfaa aliyekwisha kuanza.

Haja hii imezidi baada ya Marekani kusitisha misaada mnamo Januari 2025. Wahudumu wengi waliolipwa kwa fedha hizo walipoteza kazi, na kliniki maalumu za UKIMWI zikaanza kuunganishwa na huduma za wagonjwa wengine. Kijana anaweza kukutana na muuguzi ambaye hakufunzwa kuzungumza na rika lake.

Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka, na si lazima wote wachambue wahusika wa riwaya zile zile. Baadhi yao waketi na wauguzi wa zahanati za vyuo vyao. Waanze na dawa zile mbili: "kinga ya kabla" na "kinga ya dharura" ni majina yanayoweza kujaribiwa, kisha vijana wenyewe waulizwe wameelewa nini, na yasiyoeleweka yatupwe.