Watengenezaji wa programu za simu: tuanze na simu ya mama wa soko

Siku moja, ndani ya soko la Kadutu, hapa Bukavu, mwanafunzi mumoja alimuomba mama mwenye kuuzisha sambaza ajaribu programu ya simu aliyoitengeneza kwa ajili ya kazi yake ya mwisho wa masomo. Ilikuwa programu ya kuandika madeni: nani amechukua samaki, ya franka ngapi, atalipa siku gani. Wazo zuri. Wachuuzi wengi wa Kadutu wako na kaye ya madeni, na kila kaye iko na historia yake ya kulowana na mvua, kupasuka ao kupotea.

Mama alikubali. Wakapitisha programu kutoka simu hadi simu. Ilikuwa na mega zaidi ya 60, kwa hiyo wakafuta kwanza picha za harusi ya dada yake ili ipate nafasi. Ilipofunguka, ikaomba imeili. Mama hana imeili. Mwanafunzi akamutengenezea moja. Kisha ikaomba mutandao. Mama hakuwa na mega siku ile. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Wateja wawili wakapita. Mama akafunga simu ndani ya kikwembe chake, akachukua kaye na kalamu, akasema: « Mutoto wangu, hii kaye yangu haiombi mega. »

Nilikuwa pale kwa sababu mimi ni mumoja wa wale wenye kufundisha vijana hawa. Maneno yale yalinichoma, sababu kosa halikuwa la mwanafunzi peke yake. Lilikuwa letu sisi walimu.

Kwa musomaji asiye wa kazi hii, nieleze kidogo. Hakuna mutu anayetengeneza programu ya simu kwa mikono yake tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kama fundi wa mbao: hafui misumari, hatengenezi kufuli. Anavinunua, kisha anatengeneza kabati. Watengenezaji wa programu nao wako na vyombo vyao na maktaba zao, ni kusema kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine, zenye mutu anachukua na kuziunga na kazi yake. Kuna Android Studio ya Google, pamoja na Kotlin, lugha iliyobuniwa na kampuni ya JetBrains na ambayo Google iliiweka mbele kwa ajili ya Android mwaka 2019. Kuna React Native, ambayo Facebook iliwafungulia watu wote mwaka 2015. Kuna Flutter, ya Google pia, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2018. Zote ni za bure.

Vijana wetu wanabishana juu ya hivi vyombo kama wafuasi wa Dawa na Muungano. Huyu anasema Flutter ndiyo mwisho, yule anasema Kotlin tu. Mimi naona mabishano hayo yanatupotezea wakati. Kwa chombo chochote kati ya hivi mutu anaweza kutengeneza programu itakayomusaidia mama wa Kadutu, na kwa kila kimoja anaweza kutengeneza ile yenye alirudisha. Kuna maswali ine ambayo yana uzito zaidi, na hayo ndiyo hatuwafundishi.

La kwanza: habari zinalala wapi? Masomo mengi ya mutandaoni yanaandikwa na watu ambao intaneti yao haikatiki. Wanaonyesha namna ya kutuma kila kitu mbali, kwa mashine za kampuni fulani, na kukirudisha kila mara programu inapofunguliwa. Kijana wetu anafuata vilevile. Lakini ndani ya kila simu ya Android mumo tayari SQLite, ghala ndogo ya habari iliyoanzishwa na Mwamerika Richard Hipp mwaka 2000, ambayo ni ya watu wote na hailipishwi hata franka moja. Kotlin inaifikia, Flutter inaifikia, React Native inaifikia. Deni la mama liandikwe kwanza humo, ndani ya simu yake. Siku mutandao utakapopatikana, ndipo programu itume nakala mbali kwa usalama. Mutandao uwe musaada, usiwe mulango wa kuingilia.

La pili: programu ina uzito gani? Mutu wa mbali anaweza kucheka, sisi hatucheki. Mega 60 ni unite zenye mutu amenunua. Na si hiyo tu. Ili kuweka programu kwenye duka la Google Play, mutengenezaji analipa dola 25 mara moja, na kwa kawaida anazilipa kwa kadi ya benki. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mabenki yalifunga milango Goma, kisha Bukavu. Kijana apate wapi kadi? Tena mutu mwenye kufungua konti mupya ya binafsi anaombwa kwanza kufanya majaribio na watu 12 kwa siku 14 bila kukatisha. Ndiyo maana programu zetu nyingi zinapita mukono kwa mukono, kutoka simu hadi simu. Kwa njia hiyo kila mega inaonekana.

Lakini uzito unapunguzwa. Flutter, ukiiacha ifanye inavyotaka, inatoa fungu moja lililobeba kazi ya aina tatu za prosesa, wakati simu ya mama inatumia moja tu. Kuna amri ya kuligawa, na kila fungu linakuwa jepesi. Picha kubwa za mapambo zinaweza kupunguzwa ao kuondolewa. Maktaba iliyoongezwa kwa ajili ya kitufe kimoja kizuri inaweza kutolewa. Wengine wananijibu kwamba watu wanatumia Facebook, ambayo ni nzito kuliko hayo yote. Ni kweli. Lakini Facebook yenyewe ilitoa Facebook Lite mwaka 2015, na wakati ule haikufika hata mega 1. Ikiwa kampuni tajiri kama hiyo ilikubali kujipunguza ili iingie ndani ya simu za watu kama sisi, mwanafunzi wa Bukavu anakataa kwa sababu gani?

La tatu: programu inasema lugha gani, na inahesabu franka gani? Ile ya mwanafunzi wetu ilikuwa ya Kifaransa, na nusu ya vitufe vilibaki kwa Kiingereza jinsi vilivyotoka kwenye maktaba. Haikulazimika kuwa hivyo. Kiswahili kimo ndani ya Android na ndani ya Flutter. Tena, katika hesabu kubwa ya lugha inayotunzwa na Unicode, ambayo vyombo hivi vinaitumia, Kiswahili cha Kongo kiko na nafasi yake, sw-CD, mbali na kile cha Tanzania na cha Kenya. Mahali petu pametengwa. Kazi ya kupajaza ni yetu. Kuhusu feza, maktaba nyingi zinadhani kwamba duka lina feza moja. Sisi tunanunua kwa dola, tunauzisha kwa franka, na kiwango cha dola kinabadilika. Programu ya madeni isiyoweza kushika feza zote mbili, pamoja na kiwango cha siku ile ya deni, itamugombanisha mama na wateja wake.

La ine: tumejenga ndani ya kiwanja cha nani? Mwaka 2013 Facebook ilinunua Parse, huduma iliyokuwa inalinda habari za programu nyingi za simu. Januari 2016 ikatangaza kwamba itaifunga, na Januari 2017 ikafungwa. Watengenezaji walipewa mwaka mumoja wa kuhama, na mwenye hakuhama alipoteza kazi yake. Desemba 2020, kampuni ya Mapbox ilibadilisha masharti ya maktaba yake ya ramani, ambayo hapo mbele ilikuwa wazi kwa kila mutu. Lakini hapa angalieni tofauti: kwa kuwa toleo la zamani lilikuwa limekwisha kutolewa wazi, watengenezaji walilichukua na kuliendeleza chini ya jina la MapLibre, na hadi leo linatumika bure. Fundisho ni hili: mbele ya kuchukua maktaba, tuulize masharti yake, na tuulize kama kazi yetu inaweza kubaki hai mwenye nayo akifunga mulango. Sisi wa mashariki tunajua kukimbia usiku na kuacha nyumba. Basi tusijenge ovyo tena ndani ya kiwanja cha mutu.

Sasa niseme na wakubwa wa vyuo, kwa heshima lakini bila kuficha. Wanafunzi wetu wananunua mega kwa feza ya kula ili kupakua vyombo vyenye chuo kingepakua mara moja tu. Android Studio peke yake inapita giga moja; ukiongeza sehemu zake zingine, ni giga nyingi. Watoto 40 wa darasa moja wanapakua kitu kilekile mara 40. Chuo kinunue giga hizo mara moja, kiweke vyombo, maktaba na maelezo yake kwenye kompyuta moja ya darasa, kila mutu akuje na fleshi yake achukue. Gradle, chombo kinachounganisha programu za Android, kinatafuta maktaba mutandaoni mara ya kwanza, kisha kinazilinda ndani ya kompyuta na kinaweza kuambiwa kifanye kazi bila mutandao. Na mwanafunzi mwenye kompyuta dhaifu asilazimishwe kufungua simu ya mufano ndani yake mpaka ikwame. Aunganishe simu yake ya kweli kwa kamba, ajaribu humo. Mambo haya hayaombi musaada kutoka ngambo, wala mukutano wa siku tatu ndani ya hoteli. Yanaomba mutu mumoja mwenye ufunguo wa darasa na nia njema.

Naomba pia tubadilishe mutihani. Leo tunamupa alama nzuri mwanafunzi ambaye programu yake inang'aa ukutani, mbele ya majuri, kwa intaneti ya chuo. Kesho, mbele ya kutoa alama, tuzime ile intaneti. Tuchukue simu ya bei ndogo, yenye kioo kilichopasuka na nafasi iliyojaa, tufungue programu humo, tuandike deni moja kwa Kiswahili, tuzime simu, tuiwashe tena. Deni likiwa bado liko, hapo tuanze kuzungumuza juu ya alama.

Mwanafunzi wetu alirudi Kadutu kisha miezi miwili. Aliondoa imeili, akahamisha madeni ndani ya simu, akatoa maktaba tatu ambazo hakukumbuka hata kwa nini aliziweka. Programu ilishuka hadi mega 9. Mama anaitumia sasa. Lakini kaye hajaitupa. Anaandika pande zote mbili, na jioni analinganisha. Mwanafunzi alihuzunika kidogo, akafikiri kwamba mama hamuamini.

Nilimwambia mama ana haki. Kaye ile imemulindia madeni kwa miaka mingi. Programu yetu iko na miezi michache tu, na imani ya mutu wa soko inapatikana deni kwa deni.